SHULE ZIMEFUNGWA: MTOTO AMERUDI NYUMBANI NA NINI?



Mwezi huu wa Juni, huku Somanda na pande zote za Bariadi, mambo mawili hukutana kila mwaka. Pamba yapelekwa mizani, na watoto warudi kutoka shuleni. Mabasi yashusha masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, ndoo, na vijana waliorefuka kuliko walivyoondoka mwezi wa Januari. Baba aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada asimama kando ya sanduku, na kabla mtoto hajamaliza kumwamkia, amekwisha kuuliza: "Umekuwa wa ngapi?"

Swali hilo halina ubaya. Ada ni mali ya jasho, na mwenye shamba ana haki ya kuuliza mavuno. Lakini karatasi ile ya matokeo ina sehemu mbili. Juu yameandikwa masomo, alama, wastani, na nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake. Chini, mara nyingi kwa herufi ndogo, imeandikwa Tabia na Mwenendo: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, utunzaji wa mali. Mbele ya kila neno mwalimu ameweka herufi moja. Wazazi wengi hawashuki mpaka huko. Wakiisha kusoma kwamba mtoto ni wa 4 kati ya 62, hucheka kwa furaha, huikunja karatasi na kuiweka chini ya mto. Na tuseme kweli, walimu wengine nao wamekwisha kulijua jambo hilo. Kwa hiyo hujaza B toka juu mpaka chini, kama karani apigaye mihuri. Mtoto ameishi miezi mitano pamoja na wenzake mia kadhaa, amekula nao, amelala nao chumba kimoja, amegombana nao na kupatana nao, na habari zote za maisha hayo zimekuwa mstari wa B.

Leo nataka tuisome sehemu hiyo ya chini.

Mtu aliyepata kuishi bwenini anajua kwamba kuna masomo yasiyo na kitabu. Kuna zamu ya kuosha vyoo, ambayo huonyesha upesi nani ni nani. Kuna sabuni iliyowekwa juu ya kitanda asubuhi na ambayo jioni haipo. Kuna kijana ambaye dawa yake ya meno ilikwisha mwezi wa Machi, naye huamka kabla ya kengele ili asionekane akisugua meno kwa maji matupu. Na kuna mwenzake mmoja aliyemwona, asiseme neno, akakata dawa yake mwenyewe sehemu mbili. Jambo hilo halitaandikwa katika ripoti yo yote. Lakini mimi nashindwa kuona kwa nini tujenge shule yenye msalaba juu ya lango lake, kama si kwa ajili ya kumpata kijana huyo wa pili.

Tena kuna siku ya wazazi kuja kutembelea watoto. Kwa wengi ni sikukuu: vyombo vya wali na kuku, soda, mama aliyevaa kitenge kipya. Lakini katika kila bweni wako watatu au wanne ambao hakuna mtu atakayewajia, kwa sababu nauli haikupatikana, au kwa sababu mama amefariki na baba yuko mbali. Hao huketi kitandani na kujifanya wanasoma. Nimesikia juu ya shule ambako wanafunzi wenyewe wamejiwekea desturi kwamba siku hiyo hakuna mtu alaye peke yake na wazazi wake. Kila anayetembelewa hana budi kumchukua mmoja asiyetembelewa, na kumpeleka kwa wazazi kama ndugu. Mwalimu hakuwaamuru. Desturi ya namna hiyo yazidi hotuba nyingi zitolewazo katika bwalo.

Kanisa limesema waziwazi juu ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulipoeleza ni kitu gani kiitofautishacho shule ya Kikatoliki na shule nyingine, haukutaja kwanza kufaulu mitihani, wala majengo, wala hata wingi wa sala. Ulitaja hali ya maisha ya pamoja yenye roho ya Injili, roho ya uhuru na ya upendo. Shule nyingine zaweza kufundisha hesabu vizuri kama sisi, na pengine kutushinda. Hali hiyo ya maisha ndiyo tuliyojidai kuwa nayo.

Basi tuitazame vizuri, maana si rahisi kama inavyosemwa.

Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume twasoma habari ya manung'uniko ya kwanza yaliyotokea katika jumuiya ya Yerusalemu. Hayakuwa juu ya imani. Yalikuwa juu ya chakula. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na wajane wa Waebrania walikuwa wakipata. Angalieni mambo mawili. Jumuiya ile iliyomwona Bwana mfufuka, iliyojazwa Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste, ilishindwa kugawa chakula kwa haki. Na waliopunjwa walikuwa watu wa lugha nyingine. Kila mkuu wa shule angeisoma sura hiyo walau mara moja katika muhula, mlangoni mwa jiko.

Mitume walifanyaje? Hawakuwaambia wajane kwamba mnung'unikaji ni mtu asiye na shukrani. Hawakutafuta mchochezi wa kumfukuza. Waliwakusanya wanafunzi wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba, tangu Stefano na Filipo mpaka Nikolao, yote ni majina ya Kigiriki. Maana yake wazi: ugawaji uliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa ukipunjwa. Hiyo ni hekima ambayo shule zetu nyingi hazijaifikia. Kwetu sisi, kijana akisema kwamba maharage yana wadudu, au kwamba kiranja wa chakula huwapakulia rafiki zake mara mbili, mara nyingi hujibiwa kwamba aje na mzazi wake.

Na juu ya lugha, niseme neno ambalo halitawapendeza wote. Ziko shule, na baadhi yake ni za Kikristu, ambako mtoto akisikika anasema Kisukuma au hata Kiswahili huvikwa kibao shingoni, naye hana budi kukivaa mpaka amkamate mwingine aliyekosa kama yeye. Wasema kwamba ni njia ya kuwafundisha Kiingereza. Labda Kiingereza chapatikana. Lakini tazama ni nini kingine kimefundishwa: mtoto amefundishwa kumvizia ndugu yake apate kujiokoa, tena ameambiwa kwamba lugha ambayo bibi yake humwombea Mungu ni kosa. Ushirikiano utapewa herufi gani hapo?

Sasa nataka kusema juu ya jambo zito zaidi, na naomba wazazi walisome kabla ya kuwapa watoto wadogo.

Tarehe 3 ya mwezi huu tumeadhimisha sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Tumezoea kuwafikiria katika moto wa Namugongo tu. Lakini kabla ya moto, wengi wao walikuwa vijana wa kuishi pamoja, watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, wakilala nyumba moja, wakiamka kwa zamu, chini ya mkubwa wao. Ilikuwa karibu kama bweni. Mkubwa wao wa kwanza, Yosefu Mukasa, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alimkemea mfalme. Karoli Lwanga alishika nafasi yake. Kazi yake haikuwa kufundisha katekisimu tu. Ilikuwa pia kuwakinga wadogo na tamaa mbaya za ikulu, kwa kuwabadilishia zamu, kwa kuwaficha, kwa kukaa karibu nao. Huyo ndiye kiranja wa Kikristu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, alipojua kwamba asubuhi wataitwa, aliwabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa hawajabatizwa. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote. Asubuhi walisimama pamoja mbele ya mfalme na kukiri kwamba ni Wakristu. Tarehe 3 Juni 1886 wakafa, na wenzao Waanglikana wakafa katika moto ule ule. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Shule nyingi katika Afrika ya Mashariki zimepewa jina la Mtakatifu Kizito. Mojawapo ilikuwa katika nchi ya Meru, Kenya, shule ya sekondari ya wavulana na wasichana pamoja. Mwezi wa Julai 1991 wavulana wa shule hiyo walikuwa na malalamiko juu ya uongozi, wakapanga mgomo. Wasichana walikataa kuingia. Usiku wa tarehe 13 wavulana walilivamia bweni walimokuwa wasichana. Wasichana 19 walikufa, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa katika msongamano, na zaidi ya 70 walinajisiwa. Wengi wa waliofanya hayo walikuwa vijana wa umri ule ule wa Kizito au kumzidi kidogo.

Siandiki haya ili kuinyoshea kidole nchi jirani. Naandika kwa sababu jina la mtakatifu lilikuwa juu ya lango. Wavulana wale nao walikuwa na umoja. Walipanga pamoja, walitembea pamoja, hapana aliyemwacha mwenzake. Kama umoja peke yake ungekuwa ndio fadhila, basi usiku ule wa Meru tungeuhesabu kuwa wa fadhila, na la hasha! Kundi la wezi lina ushirikiano mkubwa kuliko wanakwaya. Kwa hiyo mzazi asifurahi upesi aonapo herufi A mbele ya neno "ushirikiano". Na aulize: kushirikiana katika nini? Ni lini mwanangu alikataa kwenda na wenzake? Vijana wa Munyonyo walishikana mikono ili wakatae. Wasichana wa Meru nao walikataa, nao walilipa kwa uhai wao. Wakati watu wazima walipokuwa wakitafuta nani alaumiwe, wachache walitaja kwamba wasichana hao ndio waliobaki waaminifu kwa jina la shule yao.

Tena tusisahau kwamba mgomo hauanzi usiku wa mgomo. Huanzia kwenye manung'uniko ambayo hakuna mtu aliyeyasikiliza, huku hakuna Lwanga wa kukaa karibu na wadogo. Mkuu wa shule apendaye kulala usingizi asinunue kufuli kubwa zaidi kabla hajasoma tena habari ya wale saba.

Yawezekana msomaji wa Somanda aseme: "Padre, wewe wasema juu ya shule za bweni, za watu wenye uwezo. Mwanangu anasoma shule ya kata, huenda kwa miguu na kurudi." Maneno hayo ni ya haki, nami nayapokea. Zamani misheni zilikuwa na vishule vya udongo chini ya miti, na mtoto wa maskini aliketi humo. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule hizo zilitwaliwa na Serikali, ziwe za watoto wote bila ubaguzi wa dini. Na Kanisa lilipoanza tena kujenga shule nyingi, katika miaka ya 1990, lilijikuta linajenga zile ambazo maskini hawezi kuzilipia. Hilo ni jeraha, wala halifunikwi kwa kusifu matokeo ya mitihani. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika sekondari zake mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Watoto wengi wa Wakatoliki wa Simiyu wako huko. Basi shule ya Kikristu ni ipi? Nasema hivi: popote walipo wanafunzi Wakristu kumi wenye kipindi chao cha dini, wenye TYCS yao inayokutana kweli na si kwa ajili ya safari tu, wanaomjua mwenzao asiye na daftari na kumtafutia, hapo shule ya Kikristu imekwisha funguliwa, hata kama ukuta ni wa Serikali na mwalimu mkuu ni Mwislamu mwema.

Tuje sasa nyumbani, maana likizo ni ndefu na mtoto amekwisha kufika.

Jambo la kwanza ni kazi. Vijana wengine warudipo huona kwamba jembe limekuwa zito, na michembe na matobolwa vimekuwa chakula cha washamba. Shuleni aliosha sahani yake kila siku, nyumbani aiacha juu ya mkeka mama aiokote. Mzazi, usimhurumie kwa jambo hilo. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, aliagiza kwamba wamonaki wahudumiane jikoni kwa zamu, na kwamba vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kama vile ni vyombo vya altare. Sufuria yenye masizi ya huku kwetu haikuachwa nje ya agizo hilo. Mpe kijana jembe, mpe ndoo, na mvulana apewe sawasawa na msichana, kwani katika bweni la wavulana hakuna dada wa kuwafulia.

Jambo la pili ni uaminifu. Shule imemwambia mtoto asitazame karatasi ya jirani katika mtihani. Sasa yuko nyumbani, na pamba yafungwa kwenda mizani. Baba aitia maji, au mchanga kidogo, ipate uzito. Kila mwaka viongozi wanakataza jambo hilo, na kila mwaka laonekana. Mtoto ameshika mdomo wa gunia wakati baba amimina. Baada ya hapo, padre, sista na mwalimu waweza kuhubiri mpaka wachoke. Yeye amekwisha kupata somo lake, tena kutoka kwa mwalimu ampendaye kuliko wote.

Jambo la tatu ni mazungumzo. Wazee wetu Wasukuma walikuwa na shikome, mahali pa moto jioni, ambapo baba na babu walikaa na vijana, na mambo ya siku yakasemwa. Hapakuwa na ripoti, lakini tabia za kila kijana zilijulikana. Sasa katika nyumba nyingi moto huo umezimika, na kila mtu ameinamia simu yake. Uwasheni tena, hata kama ni taa tu na mkeka. Tena msimhoji mtoto kama polisi. Mwulizeni alikuwa akikaa na nani mezani. Mwulizeni nani hakutembelewa. Mwulizeni ni nani shuleni anayeogopwa, na kwa nini. Kwa swali hilo la mwisho wazazi wengi wangegundua mambo ambayo walimu hawayajui.

Na kuna jambo la nne ambalo lanilazimu kuandika bila kuzunguka. Juni ni mwezi wa fedha za pamba. Ni mwezi ambao wageni wafika jioni wakiwa na maneno matamu, na hesabu za ng'ombe zaanza kutajwa. Msichana aliyerudi na nafasi yake nzuri asikia kwa mbali jina lake likitajwa pamoja na idadi ya mitamba. Mwezi wa Julai shule zikifunguliwa, yeye hayupo. Mwalimu asema "amehama", na wenzake wasema "ameolewa", na jina lafutwa. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yamtishia kifungo cha miaka 30 mtu amwoaye mwanafunzi au kumpa mimba. Lakini sheria haina macho ya kuona boma kwa boma; majirani ndio wenye macho, na majirani ni Wakristu, na baadhi yao walialikwa kwenye sherehe, wakala.

Tena tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya uzazi warudi shuleni. Najua kwamba baadhi ya wazazi Wakatoliki wanung'unika, wasema kwamba atawaharibu wengine. Nawaomba wasome tena Injili ya Yohane, sura ya nane, na wahesabu ni mawe mangapi yalirushwa. Msichana huyo akirudi na kuketi peke yake mwisho wa darasa, huku wenzake wakimcheka, hiyo ndiyo siku ambayo sehemu ya chini ya ripoti yaandikwa kweli, na si ya msichana huyo peke yake.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogondogo zote za Somanda, na za majimbo mengine yatakayosoma ukurasa huu, zifanye kitu kimoja. Katika mkutano wa mwisho kabla shule hazijafunguliwa, katibu alete orodha ya watoto wote wa jumuiya wanaosoma, wa bweni na wa kutwa, wa sekondari na wa msingi, wenye ada na wasio na ada. Yasomwe majina, moja moja, na kila jina mzazi ajibu: anarudi, au harudi, na kwa nini. Pale patakaponyamaziwa, wachaguliwe watu wawili waende kwenye boma hilo jioni ile ile, kabla ya Jumatatu.